-ka- Isiyofuata Kitu: Maisha ya Mtu wa Kawaida na Vita vya Kagera katika Simulizi za Buhaya

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna maisha ya mtu wa kawaida yanavyowekwa kando ya matukio makubwa ya kihistoria katika simulizi za maisha zinazokusanywa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Data ya msingi ni simulizi moja kuhusu Vita vya Kagera (1978–1979), iliyotolewa kwa Kiswahili na mzungumzaji wa Kihaya, pamoja na unukuzi wake katika tasnifu ya uzamili. Kwa kuchanganua njeo, hasa mofimu -ka-, makala inaonesha kuwa marekebisho yanayofanywa kwa jina la usanifu hubadili uhusiano uliopo kati ya maisha na historia. Simulizi hiyo inalinganishwa kwa ufupi na kazi za Mzirai, Muhanika, Kitereza na Mulokozi.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilimsimamia mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa akikusanya simulizi za maisha za wazee wa Wilaya ya Muleba. Alipopungukiwa na watu waliokuwa tayari kurekodiwa, nilimpeleka kwa shangazi yangu. Shangazi alikuwa ameolewa upande wa kaskazini wa Mto Kagera, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Missenyi na ambalo wakati ule lilikuwa sehemu ya Bukoba. Alirudi nyumbani kwao Muleba mwaka 1978 akiwa na mtoto mmoja mgongoni. Hakupata kuwa kiongozi wa chama, wala mwalimu, wala mke wa askari. Alilima migomba na kahawa, akauza buni, akazika watu wake. Katika tasnifu anaitwa Mtafitiwa Na. 3, ingawa kijijini kwake hakuna mtu, mkubwa kwa mdogo, anayethubutu kulitaja jina lake bila kulitanguliza na “Ma”.

Tasnifu ilifaulu. Niliipitisha mimi. Nilipoirudia baadaye, nikiwa na kanda ya sauti upande mmoja na ukurasa upande mwingine, niliona kwamba mwanafunzi na mimi tulikuwa tumemfanyia shangazi jambo ambalo uhakiki wetu haujalipatia jina. Hatukumwekea uongo mdomoni, isipokuwa mahali pamoja nitakapopaeleza. Kwa sehemu kubwa tulimsahihisha. Makala hii inachunguza gharama ya usahihishaji huo.

2.0 Matini Mbili

Kwa ridhaa ya msimulizi, ninanukuu kipande kifupi kama kilivyo kwenye kanda:

“Sisi tukahama. Migomba ikabaki, mama mkwe akabaki. Nikapita Kyaka na mtoto mgongoni. Vita vilianza halafu, Nyerere alitangaza kwenye redio, sisi tuko Muleba tayari.”

Na hivi ndivyo kilivyo katika tasnifu:

“Vita vilipoanza mwaka 1978, tulihama tukaacha migomba. Mama mkwe alibaki (aliuawa na majeshi ya Amin). Nilipita Kyaka nikiwa nimembeba mtoto mgongoni. Baadaye Rais Nyerere alitangaza vita katika redio tukiwa tumeshafika Muleba, Mkoa wa Kagera.”

Msomaji wa haraka ataona kwamba matini ya pili ni nadhifu zaidi. Ina tarehe, ina cheo cha Rais, ina vishazi tegemezi vilivyokaa mahali pake. Mtahini wa nje aliisifu kwa ufasaha. Tuanze, hata hivyo, na mpangilio wa matukio. Katika kanda, kuhama kunatangulia na vita vinafuata. Katika tasnifu, vita vinatangulia kwa nguvu ya -po-, na kuhama kunatokea ndani ya wakati uliofunguliwa na vita hivyo.

Ni nani aliye sahihi? Wote wawili, kila mmoja kwa kalenda yake. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwezi Oktoba 1978 na kulishika eneo lililo kati ya mpaka na Mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin alilitangaza eneo hilo kuwa sehemu ya Uganda. Hotuba ya Nyerere, ile ya sababu, uwezo na nia, ilitolewa tarehe 2 Novemba. Mara baada ya hapo daraja la Kyaka likavunjwa. Mtu aliyekuwa ng'ambo ya mto akavuka daraja likiwa bado lima alihama kabla taifa halijaambiwa kwamba liko vitani. Kwa shangazi, vita ni ile sauti ya redio, jambo lenye tangazo na mwanzo unaojulikana. Lililomtoa nyumbani kwake halikuwa na jina bado. Mwanafunzi alilipa jina ambalo msimulizi hakuwa nalo siku ile, kisha akaliweka mwanzoni mwa sentensi.

3.0 Njeo: Kosa au Mfumo Mwingine?

Nilipomuuliza mwanafunzi kwa nini alibadili “tukahama” kuwa “tulihama”, jibu lake lilikuwa jibu la kila mwalimu wa sarufi. Tangu Ashton (1944) tumefundisha kwamba -ka- huonesha mfuatano: hudai kitenzi kilichotangulia, aghalabu chenye -li-, na chenyewe hufuata. Simulizi haifunguliwi kwa -ka-. “Sisi tukahama” ikiwa sentensi ya kwanza ni kiungo kisichounganishwa na kitu, kwa hiyo ni kosa. Kosa la mtafitiwa, tuliambizana, husahihishwa kwa upole na bila kumwaibisha.

Tatizo ni kwamba Kihaya nacho kina -ka-, na -ka- hiyo si ya mfuatano. Kihaya hugawa wakati uliopita katika sehemu tatu, kama walivyoonesha Byarushengo, Duranti na Hyman (1977), na kama ilivyokuja kutajwa katika vitabu vya isimu ya jumla kuwa mfano bora wa lugha yenye viwango vya umbali wa wakati. Kwa kitenzi -koma, yaani kufunga, na bila kuweka alama za toni, tunapata twakoma (tulifunga, leo hii mapema), tukomile (tulifunga, jana) na tukakoma (tulifunga, kabla ya jana). Muzale (1998), alipolinganisha lugha za kundi la Rutara, ambamo Kihaya kimo pamoja na Kinyambo, Kizinza, Kikerewe na jamaa zao wa Uganda, ameonesha jinsi mifumo hii ilivyo mipana na ya kale. -ka- ya Kihaya husimama peke yake. Haingojei kitenzi kingine kiifungulie mlango. Tukio lolote lililo ng'ambo ya jana hustahili -ka-, hata likiwa la kwanza kutajwa.

Hapa ni rahisi kuteleza. Mhakiki mwenye shauku angeweza kusema kwamba shangazi alichagua -ka- ili kuipa hijra yake kina cha wakati, umbali wa huzuni na kadhalika. Hapana. Katika Kihaya njeo hiyo ni ya lazima. Anayesimulia tukio la zaidi ya siku mbili hana njia nyingine ya kawaida, na chaguo ambalo sarufi hailitoi haliwezi kuitwa mtindo. Nimesoma uhakiki wa aina hiyo katika tasnifu nyingi, na ningependa tuuache.

Lakini shangazi hakuwa akizungumza Kihaya. Alizungumza Kiswahili, na katika Kiswahili chake -li- ipo na anaitumia bila shida. Tazama tena kipande kile: tukahama, ikabaki, akabaki, nikapita, halafu vilianza, alitangaza. Nilisikiliza kanda yote kwa makini nikitazamia kuwa mgawanyo huo ni wa bahati nasibu. Sikuuona kuwa hivyo. Ajapo katika mambo ya redio, ya serikali, ya jeshi, ya bei ya kahawa iliyotangazwa na chama cha ushirika, hutumia -li-. Ajapo katika kuolewa, kuzaa, kuvuna, kuhama, kuzika, -ka- ndiyo humtawala. Vighairi vipo, na kwa msimulizi mmoja sithubutu kudai kanuni. Dhana ninayoitoa ni hii: matukio ya kitaifa yalimfikia kwa Kiswahili, yakiwa yamekwisha vikwa -li- ya mtangazaji. Matukio ya nyumbani aliyaishi kwa Kihaya, na alipoyavusha kuja katika Kiswahili yalikuja na -ka- yao. Lugha ya pili imempa mgawanyo ambao lugha yake ya kwanza haikuwa nao: njia ya kutenganisha, kwa mofimu moja tu, yale yaliyomtokea na yale aliyoyasikia.

Pingamizi la wazi ni kwamba -ka- zake nyingi zinaweza kusomwa kama -ka- za kawaida za Kiswahili. Zikitokea baada ya -li- yoyote, hakuna kitu cha kueleza. Pingamizi hilo ninalikubali, na ndilo linaloleta uzito wa suala lenyewe. Sentensi “Vita vilianza, tukahama” ni Kiswahili safi. Msomaji wa pwani ataielewa hivi: vita vilianza, na kwa kufuatia hayo tukahama. Msikilizaji wa Muleba anaweza kuielewa hivi: vita vilianza, sisi, zamani ile, tulihama. Katika usomaji wa kwanza maisha ni mkia wa historia, na kitenzi cha mtu wa kawaida kinaning'inia kwenye kitenzi cha dola. Katika usomaji wa pili vitenzi viwili vimesimama kila kimoja kwa miguu yake. Unukuzi wowote unaoondoa utata huu umeshaamua, kabla ya uhakiki kuanza, kwamba mtu huyu ni tokeo la tukio. Halafu sura ya nne ya tasnifu hujitokeza na “matokeo” yanayosema kuwa historia iliathiri maisha ya wahusika. Ingekosaje kusema hivyo, na sisi wenyewe ndio tuliopanga sentensi?

4.0 Vita Vilivyokwisha Andikwa

Mwanafunzi hakulitoa hewani wazo la kuviweka vita mwanzoni. Alisoma. Kitabu cha Baldwin Mzirai, Kuzama kwa Idi Amin, kilitoka mwaka 1980, na utenzi wa Henry Muhanika, Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada, ulifuata mwaka 1981. Majina ya vitabu hivi yanastahili kutazamwa. Kimoja kina kuzama, kingine kina anguko. Vyote viwili vinamtaja Amin, na vyote viwili vinaelekeza msafara upande mmoja, kutoka mpakani kwenda Kampala, mji ulioanguka tarehe 11 Aprili 1979. Hili si lawama. Miaka miwili baada ya vita, nchi ikiwa imelipa gharama kubwa kwa damu na kwa fedha, ilikuwa halali mtu kutaka kusimulia ushindi. Lakini mwelekeo wa shangazi ulikuwa kusini. Alikuwa akitembea kinyume na kitabu.

Utenzi una historia yake katika jambo hili. Tunazoea kusema kwamba utenzi ni umbo la vita, na ushahidi tunao: Hemedi Abdallah el-Buhriy na kuingia kwa Wajerumani Mrima, Abdul Karim bin Jamaliddini na Maji Maji, Shaaban Robert na vita vya 1939 hadi 1945. Tunasahau kwamba umbo lilelile, kwa mizani nane na vina vilevile, ndilo alilolitumia Mwana Kupona kumwusia binti yake kuhusu nyumba na mume. Utenzi umewahi kukaa jikoni. Na kwa upande wa njeo, utenzi ndio utanzu wa -ka- kuliko utanzu wowote wa Kiswahili. Tenzi kongwe hufikia hata kuangusha kiambishi cha nafsi na kuiacha ka- peke yake mwanzoni mwa kitenzi. Mtunzi aliyekulia kati ya Kihaya na Kiswahili ana, kwa hiyo, -ka- mbili zinazosikika sawa katika kipande cha mizani nane. Ningependa kumwona mwanafunzi wa ushairi akilifuatilia suala hilo katika tenzi za watunzi wa Kanda ya Ziwa, kwa kuwa sijaona lilivyoguswa katika uhakiki wetu unaohesabu mizani.

Kwa upande mwingine kabisa yupo Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Yeye aliandika maisha ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akayatafsiri mwenyewe, na Kiswahili chake kikachapishwa mwaka 1980, mwaka uleule wa kitabu cha Mzirai. Kitereza aliwalinda watu wake wa kawaida kwa kuwaweka mahali ambapo tarehe hazifiki. Tunapata ndoa, utasa, kilimo, ugonjwa, pombe ya ndizi, vyote kwa utajiri usio na mfano, na hatupati mkoloni. Huu ni ufumbuzi mmoja wa tatizo letu, nao una bei yake: mtu wa kawaida anabaki mzima kwa kuwa historia imezuiwa mlangoni. Shangazi hakupewa nafasi hiyo. Historia ilimkuta kibanjani.

Mfano wa karibu zaidi ninaoujua wa maisha ya mtu mmoja wa Buhaya yaliyowekwa katika zama zake bila kumezwa nazo ni makala ya Mulokozi ya mwaka 1997 kuhusu Habibu Selemani, mghani wa enanga. Mulokozi alikuwa ameshaziandikia tasnifu ya uzamivu tendi za enanga mwaka 1986, kwa hiyo angeweza kumtumia mghani kuwa chanzo tu cha tendi. Badala yake alimfanya mghani mwenyewe kuwa habari. Kichwa cha makala kinampa miaka: yapata 1929 hadi 1993. Hiyo “yapata” imenifundisha mengi kuliko nadharia kadhaa. Mtu wa kawaida wa kizazi kile huzaliwa kwa makadirio na kufa kwa tarehe. Mwanzo wa maisha yake uko katika njeo ya mbali ya Kihaya, na mwisho wake uko katika daftari. Mulokozi hakumtafutia Habibu mwaka kamili ili kichwa kipendeze.

5.0 Maneno Yaliyokuja Baadaye

Nirudi kwenye tasnifu, kwani njeo siyo mahali pekee tulipomsogeza shangazi.

“Mkoa wa Kagera” ni jina la baada ya vita. Alipohama, alihama ndani ya Ziwa Magharibi. Mwanafunzi ameandika Kagera hata katika sehemu inayohusu utoto wa msimulizi. Ni jambo dogo, ila linamfanya mtoto wa enzi ya ukoloni aishi katika mkoa uliopewa jina kutokana na vita ambavyo havijapiganwa.

Zito zaidi ni lile la ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, na Hospitali ya Ndolage, ambayo jina lake limefungamana na habari hiyo, iko Muleba. Katika kanda, shangazi anasema kwamba jirani yake “akashikwa na Juliana”. Juliana lilikuwa jina la vazi lililopendwa sana wakati ule, lililokuja kwa magendo kutoka Uganda, na watu waliupa ugonjwa jina la nguo kwa kuwa walivihusisha vyote viwili na biashara ya mpakani. Ndani ya neno hilo mna vita, umaskini wa baada ya vita, maduka matupu, vijana waliovuka mpaka kutafuta bidhaa, na hukumu ya wanakijiji juu ya vijana hao. Tasnifu inasema jirani “alipata maambukizi ya VVU”. Kitabibu ni sahihi. Ila siku ile hapakuwa na mtu kijijini, pamoja na mgonjwa, aliyejua kuwa kuna virusi. Neno la baadaye limemnyang'anya msimulizi kutojua kwake, na kutojua kwake ndiyo habari. Mtu huishi historia bila kujua inaitwaje. Akijua jina lake tangu mwanzo, huyo ni mwanahistoria.

6.0 Mabano

Nimeahidi kueleza mahali ambapo uongo uliingia. Ni yale mabano: “aliuawa na majeshi ya Amin”.

Shangazi alisema “mama mkwe akabaki”, kisha akanyamaza, kisha akaendelea na Kyaka. Mwanafunzi alisikia ukimya akaujaza. Alikuwa amesoma, kwa haki kabisa, kwamba raia wengi wa upande ule wa mto waliuawa na mali zao kuporwa, na kwake kitenzi “akabaki” katika Oktoba 1978 kingeweza kuwa na mwisho mmoja tu. Mimi niliusoma ukurasa huo nikiwa ofisini, nikiwa na tasnifu nyingine tano mezani, na sikukumbuka hata kidogo kwamba bibi yule ninamjua. Nilimwona nikiwa kijana, miaka kadhaa baada ya vita, amekaa mbele ya nyumba yake akimenya ndizi. Wakwe zake walirudi mwaka 1979 wakamkuta. Alikataa kuhama kwa sababu mumewe amezikwa kibanjani, akajificha migombani, akala alichokipata, akawasubiri. Alikufa kwa uzee.

Nilipomsomea shangazi ukurasa ule hakukasirika. Aliuliza tu ni nani aliyemwambia kijana maneno yale. Nikamweleza kwamba hakuna aliyemwambia, kwamba kijana alidhani. Akasema, kwa Kihaya, kwamba yeye alinyamaza kwa sababu pale alikuwa akikumbuka jinsi alivyomwacha mkwewe bila kumwachia chumvi.

Jambo hilo la chumvi halikuwamo katika dodoso. Halingeweza kuingia katika sura ya nne chini ya kichwa chochote kati ya vile tulivyokuwa tumevipanga pamoja. Tulikuwa na athari za kiuchumi, athari za kijamii, athari za kisaikolojia. Ninadhani lilikuwa ndiyo vita yenyewe kwa mtu yule, walau katika sekunde zile za ukimya.

Tangu hapo ninawataka wanafunzi ninaowasimamia wanukuu kwanza kama ilivyotamkwa, pamoja na -ka- za mwanzo, Juliana na ukimya, na matini sanifu iwekwe pembeni, kwa wanaoihitaji. Baadhi ya watahini wamelalamika kuwa kazi hizo zina makosa ya kisarufi. Mmoja aliandika kwa wino mwekundu, kila mahali, “-li-”. Tasnifu ile ya kwanza haiwezi tena kurekebishwa. Imo maktabani, bibi yule ameuawa katika ukurasa wake, na sahihi yangu ya msimamizi iko mwanzoni.